Maswali ya Wasomaji: Gari ya Mvuke Inaendeshwaje?

Toleo lililopita tuliweka picha ya Stanley ya zamani, gari ya Kimarekani inayotembea kwa mvuke, na maneno mistari mitatu tu chini yake. Meseji zimekuja nyingi kuliko zile za toleo la betri za sola, sasa nimechagua chache na zile zinazofanana nimezijibu kwa pamoja.

Msomaji, Morogoro: Shikamoo fundi. Ile gari ya kwenye picha rafiki yangu anabisha eti haina gia wala klachi. Mimi nimemwambia haiwezekani, sasa mlimani inapandaje? Tumewekeana kreti ya soda, tuamulie.

Marahaba. Kreti ni ya rafiki yako, kalipe tu. Stanley haina giaboksi na haina klachi, injini imelala kule nyuma imeshikana moja kwa moja na ekseli, yaani gari ikisimama na injini imesimama, matairi yakizunguka na injini inazunguka, basi hadithi imeisha. Injini ya petroli shida yake haina nguvu mpaka iwe inazunguka, ndo maana hata kwenye foleni unaiacha inanguruma bure, na ndo maana inataka klachi ya kuiunganisha polepole na gia za kuibeba. Mvuke hauna habari hiyo. Nguvu imeshatengenezwa kwenye boila imekaa pale inakusubiri, ukifungua tu inasukuma pistoni kwa nguvu zote hata kama injini bado haijageuka hata robo. Silinda ni mbili na mvuke unasukuma pistoni pande zote mbili, kwa hiyo kila mzunguko mmoja unapata misukumo minne, hakuna mahali inagoma.

Na mlima usikutishe. Mwaka 1899 Freelan Oscar Stanley, mmoja wa wale mapacha waliobuni gari hizi, alipanda na mkewe Flora mpaka kilele cha Mount Washington kule New Hampshire, mita 1,917, barabara ya vumbi na mawe, walitumia masaa mawili na kitu na ndo ilikua gari ya kwanza kufika kule juu. Bila gia.

Kuendesha kwenyewe ni rahisi mpaka inachekesha. Chini ya usukani kuna kishikio kidogo cha chuma, hicho ndo akselereta, ukikisogeza kidogo gari inaondoka kimya, husikii mngurumo, unasikia pumzi tu. Kurudi nyuma unakanyaga pedali, vali za injini zinabadilisha mpangilio na injini yenyewe inazunguka kinyume. Breki za miguu ziko nyuma tu, mbele hakuna kitu, kwa hiyo usije ukamfata mtu karibu kama dereva wa daladala. Mtu akikuonyesha ndani ya dakika tano umeshajua kuiendesha. Kazi iko kwenye kuiweka hai, na hapo ndo maswali yanayofuata yanaingia.

Msomaji, Mombasa: Fundi habari za kazi. Marehemu babu yangu alikua mchochea moto wa gari moshi enzi za East African Railways, alikua anatuambia moto unawashwa masaa mengi kabla ya safari. Sasa mwenye gari ya mvuke akitaka mkate wa asubuhi si atafika dukani usiku? Hebu tuelezee inawashwaje hatua kwa hatua, usiruke kitu.

Njema, na Mwenyezi Mungu amrehemu babu, kazi ile ilikua ya wanaume kweli. Kichwa cha treni kinabeba maji ya tani na tani, kuyapasha yote ni kazi ya nusu siku. Boila ya Stanley ni kadude kadogo, ile ya gari ya nguvu farasi 20 ni pipa la upana wa inchi 23 limekaa chini ya boneti, ndani lina mirija mamia kwa mamia imesimama wima, moto unapita ndani ya mirija na maji yamekaa nje yake. Maji machache, chuma kingi kinachopokea moto, kwa hiyo kwa mtu mzoefu ni dakika 20 mpaka 30 kutoka baridi kabisa.

Kitu cha kwanza kabla hujagusa kiberiti ni maji. Kuna kioo cha kuonyesha maji lakini kioo kinaweza kuziba kwa uchafu kikakudanganya, sasa wenyewe wanafungua na kile kikoki kidogo cha pembeni ya boila waone maji yanatoka kweli. Hapo ndo unaamini. Halafu unapampu kwa mkono presha ya mafuta, maana hakuna injini inayozunguka ya kukusaidia, mkono wako ndo stata.

Sasa moto. Chini ya boila kuna moto wa aina mbili, kuna kijimoto kidogo cha kudumu na kuna moto mkubwa. Umewahi kutumia lile jiko la pampu la mafuta ya taa, lile linalotoa sauti? Basi umeshaelewa nusu ya Stanley. Jiko lile linataka kichwa kipate moto kwanza ili mafuta yageuke gesi ndo yawake bluu, ukiharakisha linatema mafuta mabichi na ndimi za njano mpaka darini. Hapa hivyo hivyo, unachukua tochi ya gesi unaupasha moto mrija wa kile kijimoto mpaka kiwake chenyewe kwa sauti ya kuzomea isiyopanda wala kushuka, kinapasha bomba la mafuta la moto mkubwa, unasubiri, halafu unafungua vali ya moto mkubwa kidogo sana. Mtu mwenye haraka anaijua Stanley siku hiyo hiyo. Nilimtazama mzee mmoja akiwasha ya kwake, alifungua kama upana wa ukucha, akainama akasikiliza, akafunga, akasubiri tena, akafungua tena, uso wake wala hauangalii geji, sikio tu. Mafuta yakitoka mabichi utaona njano chini ya gari, funga, subiri. Wakati mwingine moto unarudi nyuma unaenda kuwaka ndani ya bomba la kuchanganyia hewa, unasikia mlipuko mdogo halafu gari inaanza kulia kama honi mbovu, mtaa mzima unatoka nje. Hatari kubwa hakuna ila ufunge mafuta, uache ipoe kidogo, uanze upya.

Gari za mwanzo zilikua zinakula petroli kote kote, baadae moto mkubwa ukahamia mafuta ya taa na kijimoto kikabaki na petroli. Petroli ya siku hizi ina viongezeo vingi vinaziba vitundu vidogo, kwa hiyo wenye gari hizi wanatafuta mafuta safi ya majiko ya kambi kwa ajili ya kijimoto.

Geji inapanda, mia, mia mbili, mpaka inakaribia pauni 500 au 600 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari yako ni thelathini na kitu, ili ujue tunaongelea nini. Ikifika pale kuna kifaa kinaupunguza moto mkubwa chenyewe, kijimoto kinabaki, presha ikishuka moto unarudi. Bado usiondoke! Silinda ni za baridi, mvuke wa kwanza ukiingia unageuka maji na maji hayashindiliki, ukifungua kwa nguvu pistoni inagonga maji na kitu kinavunjika. Unaenda mbele hatua moja nyuma hatua moja, pale pale uani, gari inatema maji machafu kwenye ekzosi mpaka mtemo ule ugeuke mvuke mkavu. Harufu yake ni ya oili nzito ya silinda za mvuke, oili ile inachanganywa na mafuta ya mnyama kwa sababu ya kawaida inaoshwa na unyevu. Kila mtu aliyewahi kupanda atakutajia hiyo harufu kwanza.

Kuhusu mkate, watu wa zamani walikua na ujanja wao, kijimoto kinaachwa kinawaka usiku kucha, boila inalala na presha, asubuhi unaingia unaondoka. Kwa sharti kile kishikio cha mvuke ukifunge kwa kufuli lake na matairi uyawekee mawe, maana vali ikivuja kidogo gari inaweza kuondoka zake bila wewe.

Msomaji, Dar: Spidi yake vipi?

Januari 1906 pale ufukweni Ormond, Florida, Fred Marriott alikimbiza Stanley ya mashindano maili 127.66 kwa saa, kama kilomita 205, na hakuna gari ya aina yoyote iliyokua imewahi kufika hapo. Mwaka uliofata alirudi, gari ikapaa ikavunjika vipande, yeye akapona. Rekodi ile kwa upande wa mvuke ilikaa mpaka Agosti 2009, Waingereza walipofika maili 139.843 kule California kwa gari yenye boila 12. Ila ya kawaida ya barabarani ifikirie kilomita 60 au 70 kwa raha zako, breki za nyuma usizisahau.

Msomaji, Muscat: Assalaam aleikum fundi. Hapa joto ni 45 na maji ni ya kununua. Hivi gari kama hii inakunywa kiasi gani, na naweza kutia maji yoyote?

Waaleikum salaam sheikh wangu. Inakunywa kama ngamia aliyetoka safari. Zile za zamani zisizorudisha mvuke, galoni moja ya maji kwa kila maili moja hivi, kwa hiyo kila kama kilomita 50 unatafuta maji, mafuta unaweza kwenda mbali zaidi lakini maji yanakusimamisha. Marekani enzi hizo barabarani kulikua na mabirika ya kunyweshea farasi, dereva anasimama, anatumbukiza mpira, anafungua vali na mvuke wenyewe unayanyonya maji mpaka kwenye tenki. Farasi anasubiri zamu yake.

Kuanzia modeli za 1915 Stanley wakaweka kitu kama rejeta pale mbele, mvuke uliotumika unapoa unarudi kuwa maji unaingia tenki tena, safari ikawa ndefu. Ila kwa joto la kwenu sikupi moyo sana, rejeta inapoza kwa tofauti ya joto kati ya mvuke na hewa, hewa ikiwa 45 tofauti inapungua na mvuke mwingi unakuponyoka. Halafu maji yanayorudi yanarudi na oili ya silinda, oili ikifika kwenye boila inaganda pale chini kwenye moto, chuma hakipati maji ya kukipoza, kinaungua. Lazima oili ichujwe kwenye tenki, hiyo kazi haina likizo.

Maji yoyote hapana. Ya bahari kabisa usithubutu. Ya kisima chenye chokaa yanaacha gamba kwenye mirija, mwishowe unapasha gamba badala ya maji. Ya mvua ndo mazuri. Na kila baada ya safari, presha ikiwa bado ipo kidogo, unafungua vali ya chini ya boila tope lote linatoka kwa kishindo, hakikisha hakuna mtoto wala paka upande ule. Wasiofanya hivyo wananunua boila mpya.

Kama unataka ushahidi kwamba mvuke na jangwa haviivi, nenda Swakopmund, Namibia. Mwaka 1896 afisa mmoja wa Kijerumani, Edmund Troost, alileta trekta la mvuke libebe mizigo kupita jangwa la Namib badala ya ng'ombe. Likala maji kuliko walivyoweza kulipelekea, likazama kwenye mchanga, likakwama kabisa. Watu wakalipa jina Martin Luther, yule mwanzilishi wa Uprotestanti aliyesemekana kusema hapa nimesimama na sina namna nyingine. Mpaka leo liko pale pembeni ya mji.

Msomaji, Lubumbashi: Fundi, jambo sana. Huku Katanga wazee wanasema wakati wa vita ya kwanza Wazungu walivuta mashua kwa mashini ya moto juu ya milima. Ni kweli ama ni hadithi?

Jambo ndugu yangu. Wazee wako wako sawa kabisa. Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwapiga Wajerumani kwenye ziwa Tanganyika, wakaleta boti mbili, Mimi na Toutou, kwa meli mpaka Cape Town, kwa treni mpaka Fungurume kwenu huko, na kutoka hapo zikavutwa na matrekta mawili ya mvuke kupita milima ya Mitumba, njia ikikatwa kwa shoka na madaraja ya magogo yakijengwa kwa mkono. Na shida ilikua ile ile, maji. Sehemu kavu mashine zilikaribia kuzimika, ikabidi wanawake wa vijijini wabebeshwe maji kichwani kwenda kuzinywesha. Vitabu vingi vinamsifia kamanda, Spicer-Simson, mimi naona wale wenye mitungi wanastahili mstari wao. Desemba 26 mwaka ule boti zile zikaikamata Kingani, boti ya kivita ya Wajerumani.

Msomaji, Eldoret: Bosi mafuta imepanda sana. Niko na Probox, mnaonaje nikiweka boila nichome kuni?

Bosi, hapana. Barabarani na boila uliyochomelea mwenyewe uani ni jambo ambalo sitakushauri hata kwa utani. Na usidhani ungeokoa pesa, gari za mvuke zinakula mafuta mengi, Stanley inapata maili kama 10 kwa galoni, Probox yako inaizidi mbali. Joto jingi linatoka na mvuke linaenda hewani.

Hiyo ndo moja ya sababu zilikufa, ingawa siyo kubwa. Mwaka 1912 Cadillac ilitoka na stata ya umeme, ile kazi ya kuzungusha hendeli mpaka mkono unavunjika ikaisha, na mtu wa petroli akawa anaondoka kwa sekunde wakati jirani yake wa mvuke bado anapasha kijimoto. Halafu bei. Kufika 1924 Stanley mpya ilikua dola 3,950 na Ford Model T chini ya dola 500, kampuni ikafunga mwaka huo huo. Abner Doble kule California alitengeneza gari ya mvuke inayokua tayari kwa kama dakika moja, kila kitu chenyewe, tamu sana, lakini bei yake ilikua ya matajiri na alitengeneza chache tu za kuhesabu. Ufundi ulikuja umechelewa.

Msomaji, Minneapolis: Fundi shikamoo. Kuna mzee wa kanisani kwetu anauza Stanley ya kurithi, imekaa gereji miaka mingi. Mume wangu ameipenda, mimi naogopa boila itatulipukia. Nimkataze?

Marahaba dada. Usimkataze, ila msilipe leo.

Boila ya Stanley ilitengenezwa kwa akili, kuta zake zimezungushiwa waya wa piano tabaka juu ya tabaka uishike, na ile mirija mamia imepanuliwa tu kwenye matundu yake juu na chini. Maji yakiisha moto ukiwaka, mirija inaachia pale kwenye matundu, mvuke unavuja huku na kule na presha inashuka. Unapata hasara kubwa lakini gari haigeuki bomu. Juu ya hapo kuna vali ya usalama, kuna plagi ya madini ya risasi inayoyeyuka maji yakishuka, na kuna kifaa cha kukata mafuta maji yakipungua. Kinachoumiza watu zaidi ni moto wa mafuta chini ya gari na kuungua na mvuke kwenye mikono, kwa hiyo mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na dereva siku zote, asiuweke kule kwenye buti.

Sasa hiyo iliyolala gereji miaka mingi, msiiwashe kuona kama inafanya kazi, hata mwenyewe akiwaambia babu yake aliiacha nzima. Mtafuteni mtu wa boila aipime kwa maji baridi kwanza. Wanajaza boila maji mpaka hakuna hewa, wanapampu presha kupita ile ya kazi, kwa maji baridi kama kuna chuma kilichooza kitavuja tu, hakitaruka. Ikishapita hapo ndo inapimwa kwa mvuke. Waifungue na vali ya usalama waijaribu. Ikishindwa boila mpya zinatengenezwa mpaka leo, siyo bei ya kitoto, kwa hiyo itoeni kwenye bei ya mzee. Na kwa baridi ya Minnesota muulize kama kila baridi walikua wanamwaga maji yote, boila, tenki, pampu na mabomba, maana maji yakiganda ndani ya pampu yanaipasua na nje huoni kitu mpaka siku ya kuwasha.

Kabla ya yote hayo mpeleke mumeo Yorklyn, Delaware, kuna Marshall Steam Museum pale Auburn Heights, wana Stanley nyingi zinazotembea na siku za wageni wanaziwasha na kupakia watu. Asiende saa ya kupanda, aende asubuhi mapema wakati wa kuwasha. Aangalie pampu ya maji hasa, inaendeshwa na magurudumu, gari ikisimama kwenye foleni pampu nayo imesimama, dereva inabidi ajaze kwa mkono, na akiwa anapanda mlima anazuia maji baridi yasiingie yakamshushia presha, anajaza akianza kuteremka. Akiangalia kazi hiyo ya siku nzima na bado anaitaka, mpigieni mzee wa kanisani.